Lebo Inasema Jeupe, Ua Ni Jekundu: Kuutambua Mwaridi Uliobandikwa Jina Lisilo Lake

Umesubiri miezi, tumba la kwanza limefunguka, na kilichotoka humo sicho kilichochorwa kwenye lebo. Kabla hujamwandikia aliyekuuzia, na kabla hujaanza kupekua picha za mawaridi mekundu (yapo maelfu, na ukiyatazama kwa hasira yote utaona ndiyo hilohilo lako), amua jambo moja kwanza. Je, lebo ndiyo yenye kosa? Au mche ulibadilika baada ya lebo kuandikwa? Au lebo na mche vyote viko sawa, na kilichodanganya ni picha? Watu wengi hukimbilia kutafuta jina jipya wakati mche walio nao hauhitaji jina. Unahitaji koleo na mkasi wa kupogolea.

Nitakwenda dalili kwa dalili.

## Kila kitu kinafanana ila rangi

Rangi ndiye shahidi wa kwanza kujitokeza na wa mwisho kuaminiwa. Kiswahili chenyewe hapa kinatutega: mtu akisema ana "waridi la rangi ya waridi" ametaja nini hasa? Humo mna kila kitu, kuanzia weupe ulioona haya kidogo hadi wekundu uliochujuka juani.

Joto kali huchujua rangi, baridi na mawingu huikoleza. 'Iceberg', mojawapo ya mawaridi meupe yanayojulikana sana duniani, hutoa matumba yenye wekundu mwepesi yakikutwa na baridi na unyevunyevu. 'Double Delight' huanza na rangi ya maziwa kisha hugeuka jekundu pembezoni kadiri jua linavyolipiga. Lililofichwa kivulini hubaki karibu na rangi ya maziwa tupu, na mwenye nalo huapa kwamba ameuziwa kitu kingine. 'Masquerade' huchanua la njano na kuzeeka jekundu. 'Mutabilis' hutoka kwenye njano iliyopauka, hupita kwenye pinki, humalizia kwenye wekundu uliokolea, na siku yoyote utayakuta yote matatu kwenye kichaka kimoja. Ukipiga picha ua la siku ya kwanza na mwenzako akapiga la siku ya tatu, mtabishana hadi usiku ilhali mna mwaridi mmoja.

Udongo usisingiziwe. Haidranjea ndiyo hubadili rangi kufuata uchachu wa udongo. Mwaridi hauna tabia hiyo.

Kamera ya simu ni mdanganyifu mwingine. Nyekundu iliyoiva huigeuza doa bapa lisilo na petali, na zambarau huivuta kwenye pinki au buluu. Piga picha asubuhi, kivulini, na kipande cha karatasi nyeupe kiwe kando ya ua ili jicho lipate pa kulinganishia. Kama lebo ilikuahidi waridi la buluu ya anga, tatizo lilianza kwa mchapaji. Miwaridi haina kwa asili kemikali inayotia maua rangi ya buluu, na hata ule uliotengenezwa maabara kwa kupachikwa jeni ya ua jingine unaelekea zambarau hafifu. 'Blue Moon' nao, pamoja na jina lake, ni wa zambarau iliyofifia. Ukichanua hivyo, lebo yako iko sawasawa.

Jambo la mwisho kuhusu rangi ni subira. Mche mchanga hutoa maua madogo, yenye petali chache na rangi isiyotulia. Mimi sihukumu mpaka niuone ukichanua mara tatu, na angalau mara moja kati ya hizo iwe katika hali ya hewa tofauti na nyingine.

## Maua madogo, mekundu ya damu ya mzee, na mche umerefuka ghafla

Dalili hii inahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayotatua kesi nyingi kuliko nyingine zote.

Sehemu kubwa ya miwaridi inayouzwa imebebeshwa. Maana yake, jicho (chipukizi changa lililolala kwenye tawi) la aina unayoitaka limepachikwa kwenye shina la mwaridi mwingine wenye mizizi imara. Huo wa chini, tuuite mbebaji, hautakiwi kuonekana kamwe. Lakini una uhai wake na una haraka kuliko mgeni wake. Baridi kali, ukame, mkasi uliopogoa chini mno au ugonjwa vikiua sehemu ya juu, mbebaji huchipua na kukalia kiti. Wewe unaona mche uleule, mahali palepale, na lebo ileile ikining'inia. Aliyemo ndani amebadilika.

Niliwahi kuupalilia na kuumwagilia mwaridi wa namna hii miaka mitatu, nikishangaa kwa nini "aina mpya" niliyonunua inachanua mara moja tu kwa mwaka na majani yake yanaingia madoa meusi kabla ya yote. Nilikuwa nikimlea mbebaji kwa upendo mkubwa.

Kumtambua si vigumu kwa sababu wabebaji ni wachache, na kila eneo lina wapendwa wake. Marekani anayeshukiwa kwanza ni 'Dr. Huey': maua ya damu ya mzee yenye petali chache na nyuzi za njano katikati, matawi marefu yanayoinama, na msimu mmoja tu wa kuchanua. Kama mwaridi wako wa rangi yoyote umegeuka kuwa hivi, usiendelee kupekua picha. Rosa multiflora hutoa vishada vya maua meupe madogo, na masikio ya jani lake, vile vijani viwili vilivyogandamana na kikonyo pale kinaposhikana na tawi, yana nywele kama meno ya kitana. Alama hiyo hata mgeni huiona. Rosa canina, aliyetumika sana Ulaya, ana petali tano tu, pinki iliyopauka au nyeupe. 'Fortuniana', anayependwa Florida na Australia kwenye udongo wa kichanga, ana maua meupe yaliyojaa petali na miiba michache.

Sasa shika koleo. Fukua taratibu kuzunguka shina hadi uione nundu, mahali jicho lilipopachikwa. Fuata kwa kidole lile tawi lenye maua ya ajabu mpaka linapoanzia. Likitoka chini ya nundu au kwenye mzizi, ni la mbebaji. Usilikate usawa wa udongo, kwani utakuwa umelipogoa tu, nalo litakushukuru kwa kutoa manne mahali pa moja. Shuka hadi shinani na ulinyofoe kwa nguvu ili macho yaliyolala pale chini yatoke nalo. Likitoka juu ya nundu, si la mbebaji, nenda sehemu inayofuata. Na kama matawi yote yametoka chini na juu ya nundu hakuna kilicho hai, aina uliyonunua imeshakufa. Hakuna dawa.

Mara nyingi utasikia kwamba jani lenye vijani vitano ni la aina halisi na lenye saba ni la mbebaji. Kanuni hiyo ina kosa. Aina nyingi za bustanini, hasa za zamani na zinazotambaa, hutoa vijani saba kwa kawaida, na wapo wabebaji wanaotoa vitano. Nimeona watu wakinyofoa aina yao wenyewe kwa kuhesabu majani. Fuata tawi kwa kidole.

Kama mche ulioteshwa kwa kipandikizi, yaani kipande cha tawi kilichochomekwa udongoni kikatoa mizizi yake chenyewe, hauna nundu na hauna mbebaji. Chipukizi lolote litokalo chini ni la aina ileile, nawe waweza kuitupa nadharia hii yote.

## Tawi moja tu ndilo limeasi

Mche mzima ni mweupe, tawi moja linatoa pinki. Au kichaka kifupi kimerusha tawi moja refu linalotafuta ukuta. Umeshafukua, na tawi limetoka juu ya nundu.

Huu ni mgeuko wa tawi, na si kosa la mtu. Chembe za jicho moja zimebadilika, na kila kilichoota kutoka hapo kimebeba badiliko hilo. Aina kadhaa mashuhuri zimepatikana hivyo: 'Chicago Peace' ya mwaka 1962 ilikuwa tawi la 'Peace', na 'Climbing Iceberg' ni 'Iceberg' iliyoamua kutambaa. Mambo huweza kurudi kinyume vilevile. 'Rosa Mundi' yenye michirizi ilitokana na mwaridi mwekundu usio na michirizi, na mara kwa mara tawi lake hurejea wekundu wa babu yake. Hata aina zinazotambaa zilizopatikana kwa mgeuko huweza kurudi kuwa kichaka, hasa zikipogolewa kwa ukali zikiwa changa.

Namna ya kutofautisha na tawi la mbebaji bila kufukua tena ni hii: mgeuko hubadili jambo moja, mbebaji hubadili yote. Kwenye mgeuko, majani, miiba, harufu na umbo la tumba ni vilevile, na rangi peke yake (au urefu peke yake) ndiyo imehama. Ukikuta jani tofauti, mwiba tofauti na msimu tofauti, rudi kwenye koleo.

Halafu kuna jibu jepesi ambalo watu hulisahau: vipandikizi viwili vya aina mbili vilivyochomekwa kwenye chungu kimoja. Fukua uone kama mashina ni mawili.

## Lebo ilisema huchanua mwaka mzima, umechanua mara moja

Ukiacha mbebaji, ambaye tumeshamwona, sababu nyingi hapa ni za matunzo. Kivuli hupunguza maua. Aina zinazotambaa hutumia mwaka wa kwanza na hata wa pili kujenga matawi. Na ukiacha maua yaliyonyauka yakafunga matunda, aina nyingi hupunguza kasi ya kutoa mengine. Kata vichwa vilivyokauka msimu mzima, upe mche jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku, ungoje mwaka. Baada ya hapo, kama bado unachanua mara moja tu, umepata ushahidi mzito kuliko rangi: uliyonayo ni aina ya msimu mmoja, na lebo ya aina inayorudia haiwezi kuwa yake.

## Umbo la mche mzima limeharibika

Machipukizi mekundu yaliyosongamana kama fagio, miiba mingi laini kupita kiasi, matumba yaliyopotoka. Usijaribu kutambua aina kwa mche ulio katika hali hii. Huenda ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na utitiri wadogo mno, unaojulikana hasa Amerika ya Kaskazini, na mche wenye ugonjwa huo hung'olewa. Huenda pia ni dawa ya kuulia magugu iliyopeperushwa na upepo, ambayo huacha majani membamba kama nyuzi. Mgonjwa hapigwi picha ya kitambulisho.

## Jina ni tofauti, mche ni uleule

Hapa lebo husingiziwa bure. Mwaridi mmoja huuzwa kwa majina mengi kwa kadiri ya nchi. 'Peace' wa Marekani ni 'Madame A. Meilland' Ufaransa, 'Gioia' Italia na 'Gloria Dei' Ujerumani. 'Iceberg', uliotolewa na Kordes, wazalishaji wa Ujerumani, mwaka 1958, kwao ni 'Schneewittchen', na Wafaransa huuita 'Fée des Neiges'. Ukiletewa 'Gloria Dei' badala ya 'Peace' uliyoagiza, umeletewa ulichoagiza.

Kwa hiyo tafuta kwenye lebo neno lisilotamkika, lenye herufi kubwa mwanzoni: KORbin, AUSmas, MEI-fulani, TAN-fulani. Hilo ndilo jina la usajili. Herufi tatu za kwanza kwa kawaida hutaja mzalishaji (KOR ni Kordes, AUS ni Austin, MEI ni Meilland, TAN ni Tantau), na jina lote ni la mwaridi mmoja tu. Jina la dukani huweza kutumika tena kwa mwaridi mwingine miaka ishirini baadaye. La usajili halirudiwi. Viwili hivyo vikigongana kwenye lebo moja, mimi huamini la usajili.

## Umepita kote huko na bado halifanani

Basi lebo ina kosa. Vibandiko vilihama kwenye kitalu, au mnunuzi aliyekutangulia alichomoa kimoja akakirudisha kwenye chungu cha jirani, au macho yaliyopachikwa yalikatwa kwenye safu isiyo yake. Sababu hii ya mwisho ina alama yake: ulizia wengine walionunua aina hiyo mahali hapo mwaka huo. Wote wakiwa na ua kama lako, kosa liko kwenye mche mama, na muuzaji ana haja ya kujua zaidi yako. Likiwa ni lako peke yako, ni kibandiko tu, na jina la kweli huenda ni la aina iliyokaa jirani nayo kitaluni. Uliza orodha ya walichokuwa wakiuza msimu huo. Badala ya maelfu ya majina utakuwa na hamsini.

Kisha kusanya ushahidi, na uanze na kile ambacho jua halikibadilishi.

Miiba: umbo lake (iliyonyooka, iliyopinda kama kucha, mipana chini), wingi wake, na kama imechanganyika na vinywele. Masikio ya jani: mapana au membamba, yana nywele au hayana. Kikonyo cha ua: laini, au kina vinyweleo vyenye kichwa vinavyonata na kunukia ukivisugua? Sepali, yale majani membamba yanayofunika tumba, zina kitendawili cha kale cha Ulaya: ndugu watano, wawili wana ndevu, wawili hawana, wa tano ana ndevu upande mmoja. Chukua ua lililofunguka, ligeuze, uhesabu ndevu hizo. Ziandike zilivyo, ndefu au fupi. Angalia pia nyuzi za kike katikati: kwenye jamii ya Rosa multiflora zimeungana zikasimama kama kijiti kimoja, kwenye nyingine zimeachana. Acha maua mawili matatu yazae, kwa kuwa matunda yanasema mengi: la mviringo, la chupa, la rangi gani, lililobaki na sepali au lililozidondosha.

Petali zihesabu kweli, kwa kuzing'oa moja moja, kwenye maua matatu. Tano ni jamii moja ya aina. Kumi na tano ni nyingine. Zaidi ya arobaini ni nyingine kabisa, na hapo tazama kama katikati zimejigawa mafungu manne, au zimekunjamana kama kifungo, au zinasimama kama mnara. Harufu inukie asubuhi na uiandike kwa maneno yako: chai, karafuu, limau, miski. Usiseme "nzuri".

Ushahidi huu utumie kukanusha kabla ya kuthibitisha. Ni rahisi mno kuona mwaridi wako katika picha; ni vigumu kubishana na mwiba. Lebo ikisema 'Zéphirine Drouhin' na tawi limekuchoma, kesi imekwisha, maana aina hiyo haina miiba. Rangi nayo, iliyokuwa shahidi mbovu wa kuthibitisha, ni shahidi mzuri wa kukanusha ukiwa na miaka mkononi. Njano iliyokolea iliingia kwenye mawaridi makubwa ya bustani yanayochanua tena na tena kupitia 'Soleil d'Or' ya mzalishaji Mfaransa Pernet-Ducher mwaka 1900. Mtu akikuambia kichaka chako cha njano ya kung'aa, chenye maua makubwa yanayorudi kila mwezi, ni aina ya 1860, amekosea, hata awe nani. Nyekundu ya machungwa inayowaka, kama ya 'Super Star', nayo ni mtoto wa karne ya ishirini.

Ukibakiwa na majina mawili matatu, picha hazitakusaidia tena. Unahitaji mmea wa kulinganishia. Yapo makusanyo yaliyotunzwa kwa kazi hii, kubwa kuliko yote likiwa bustani ya Sangerhausen huko Ujerumani, iliyofunguliwa mwaka 1903, yenye aina zaidi ya elfu nane. Hata hivyo lebo za makusanyo nazo huwa na makosa yaliyonakiliwa kutoka kitalu hadi kitalu, hasa kwa mawaridi ya kale. 'Souvenir du Docteur Jamain' na 'Souvenir d'Alphonse Lavallée' zimeuzwa moja kwa jina la nyingine mara nyingi hadi wapenzi wake hawaziamini lebo zake bila kuuona mche. Vipimo vya vinasaba vipo, lakini hulinganisha tu: bila sampuli iliyothibitishwa ya jina unalolishuku havikuambii kitu, na vile vya kawaida hushindwa kutofautisha mgeuko na mmea mama.

Jina lisipopatikana, ipo desturi inayokubalika kimataifa. Jina la aina inayojulikana huandikwa kwa alama moja ya kunukuu, 'Iceberg'. Mwaridi uliookotwa bila jina hupewa jina la muda na kuandikwa kwa alama mbili, mara nyingi la mahali ulipopatikana au sifa yake: "Pinki ya Ukutani", kwa mfano. Alama hizo mbili humwambia anayefuata kwamba hili ni jina la kazi. Ukigawa vipandikizi, vigawe na alama zake, usijaze jina la kubahatisha kwa sababu anayeomba anataka jina. Hivyo ndivyo lebo yako ilivyoharibika.

Lebo ya zamani usiitupe. Igeuze, uandike nyuma kwa penseli (wino wa kalamu nyingi huoshwa na jua, penseli hudumu) ulinunua lini, ulifukua ukaona nini, na majina gani umeshayakanusha na kwa sababu ipi. Izike shinani, na nakala ibaki ndani ya nyumba.